Maji Niliyomnyima Ami Yako

Patsy, baada ya adhuhuri

Mwanangu Faridi,

Salamu tutapeana kesho gatini, mkono kwa mkono. Karatasi hii nimeishika kwa ajili ya jambo lililoushinda mdomo wangu leo asubuhi, uliposimama mbele yangu na baiskeli yako, nami nikabaki kama mtu aliyepigwa kofi asijue limetoka wapi.

Sitakuandikia habari za sala, wala za sweta, wala za kuchagua marafiki. Mama yako ameshakuusia yote kabla hatujatoka Moroni, kisha akakuandikia tena kwenye kikaratasi na kukitia ndani ya kiatu chako ili usikikose. Hayo yanatosha. Mimi nataka kukueleza habari za maji.

Unakumbuka ilivyokuwa asubuhi. Uliogelea kule bandarini Mutsamudu, ukapanda baiskeli mpaka huku Patsy kwa ami yako Bakari, ukaitupa baiskeli ukutani na kwenda mbio mpaka mwisho wa kijiji na kurudi. Ulisema hilo ni zoezi lako la mwisho kabla ya safari, na kwamba ukifika kisiwani Reunioni utajiandikisha kwenye yale mashindano uliyoyaona gazetini, ya kuogelea, baiskeli na mbio kwa siku moja, ambayo hata makarani na wauza mikate wanashiriki. Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani na ami yako, najivuna kimoyomoyo. Ndipo Bakari akainuka, akaigonga kwa kidole chupa uliyoifunga kwenye baiskeli. Ilikuwa imejaa vilevile.

"Mbona hukunywa?" akakuuliza.

Ukacheka. "Maji ni ya mtu anayetafuta kisingizio, ami. Muulize baba."

Kisha ukaongeza, tena kwa mapenzi, ukimshika bega: "Kila nikichoka nawakumbuka wale waliokutilia sumu. Uchovu unakwisha palepale."

Faridi, nilistuka. Ulisema maneno yangu, kwa sauti inayofanana na yangu, tena ukimwambia mtu yuleyule niliyemwambia miaka kumi iliyopita. Na hiyo habari ya sumu, mwanangu, ni yangu pia.

Ami yako aliifungua chupa, akakupa, akasimama mbele yako mpaka ukaimaliza. Ulipokwenda kuoga akaniambia, "Siku zote nilidhani umeshamwambia."

"Kumwambia nini?"

"Kaka, usinifanye nikutajie."

Akakaa chini, akaokota spana na kuanza kuifuta kwa tambara, bila kuniangalia. "Siku ile nilipoanguka macho yalifumba," akasema, "lakini masikio hayakuziba. Yule mzungu aliuliza mara tatu nani anamfundisha kijana huyu. Nikawa nakungoja useme. Nilikusikia unavyopumua. Hukusema."

Miaka kumi nimekula naye Idi, nimemzika mama pamoja naye, nikiamini hajui. Wewe umekwenda Wani kumuaga shangazi yako, na Bakari yumo ndani anaziba pancha ya mtu. Nimemwomba ruhusa nikuandikie yote. Amesema, "Andika. Lakini usijipambe, hata kwa kujilaumu."

Basi sikiliza.

Mwaka ule mamluki walioipindua serikali walikuwa bado wageni kwetu. Walikuwa wazungu wachache, pamoja na vijana wetu wenyewe waliovalishwa magwanda meusi, na mji mzima ulikuwa ukijifunza kunong'ona. Mimi nilikuwa karani wa shehena bandarini, Bakari alikuwa hamali palepale, ana miaka ishirini na miwili na mgongo kama mlango wa msikiti. Likatoka tangazo kwamba siku ya sikukuu kutakuwa na mashindano ya namna mpya. Mzungu mmoja wa kikosini alikuwa amesikia mchezo huo unafanywa Amerika. Watu wataogelea kutoka kwenye tishari lililotia nanga nje ya bandari mpaka gatini, watapanda baiskeli mpaka Patsy, kisha wataziacha baiskeli na kurudi mjini kwa miguu. Askari watashiriki, na kijana yeyote wa mji anayetaka anakaribishwa.

Mji ulielewa maana yake. Mtu akiwashinda wale wenye magwanda, hata kwa kuogelea tu, tungelala siku moja tukiwa na raha. Nikamwandikisha Bakari kabla sijamuuliza.

Lazima ujue nilikuwa nani. Tulipokuwa wadogo Zanzibar, kabla familia haijarudi huku kwenye visiwa vyetu, mimi nilikuwa mkimbiaji wa shule. Nilikimbia kila mashindano na sikuwahi kushinda hata moja. Sikuwa mwalimu wa mtu. Nilikuwa mtu aliyeshindwa mara nyingi, aliyepata miguu ya mwenziwe ya kukimbilia.

Nilimfundisha wiki sita bila siku moja ya kupumzika. Alikuwa anashusha magunia tangu asubuhi, na akitoka kazini ananikuta langoni na baiskeli ya kuazima. Akisema goti linamuuma, namwambia goti halina akili. Akisinzia kwenye sahani namuamsha tukimbie. Wiki ya nne alikuwa anakwenda polepole kuliko ya pili, na mimi, badala ya kumlaza, nikamwongezea. Sasa najua kwamba mazoezi yanaubomoa mwili, na siku ya kulala ndiyo inayoujenga upya. Wakati ule niliona kulala ni wizi.

Siku yenyewe aliamka na homa. Bibi yako alimshika paji la uso akasema, "Mwanangu huyu haendi popote." Mimi nikajibu mbele ya watu, na watu wakacheka, "Homa ni woga uliojifunika shuka." Bakari akainuka. Unamjua alivyo, mpaka leo hawezi kuona mtu mkubwa wake anaaibika.

Nilimwagiza aanze kuogelea kama jiwe lililorushwa, ili awaogopeshe wale askari. Akafanya hivyo, na hajafika mbali nikamwona amejigeuza chali. Nilipiga kelele gatini kama mwendawazimu. Leo ameniambia kilichotokea. Pumzi ilimbana, maji yakamwingia puani, moyo ukamwambia unakufa. Akajilaza chali, akatoa pumzi yote polepole, akahesabu mpaka ishirini, kisha akaendelea kwa mwendo wake mwenyewe. Akafika wa tatu. Yaani jambo la akili alilolifanya siku ile alilifanya kwa kutonisikiliza.

Kwenye mlima wa Patsy aliwapita wote wawili. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimesimama kwenye gari la wazi pamoja na watu wengine, nimeshika chupa ya maji. Huku juu, karibu na hapa ninapoandika, akaiweka baiskeli chini, akanijia.

"Kaka, maji."

"Ukinywa utakuwa mzito," nikamwambia. "Maji ni ya mtu anayetafuta kisingizio. Ukifika chini utakunywa bahari nzima."

Aliiangalia ile chupa. Akageuka, akaanza kuteremka kwa miguu. Mimi nilikuwa na kiu kwa kelele nilizopiga. Nikanywa.

Katikati ya mteremko nikaona ngozi yake imekauka. Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama utosini, na mgongo wake ulikuwa mkavu kama karatasi, malaika ya mikononi yamemsimama kama mtu aliyetoka kwenye baridi. Nikamwambia dereva, "Mwone! Hata jasho hatoki! Hajachoka kabisa!" Nilifurahi, Faridi. Niliona ndugu yangu anakufa nikafurahi, kwa sababu sikujua ninachokiona.

Kisha akaanza kwenda pembe kwa pembe, mara ukingo huu wa barabara, mara ule. Gari likamfikia ubavuni. Akanitazama kwa macho ya kitoto, akauliza, "Kaka, tumefika Zanzibar?"

Nikacheka. Nilidhani anatania.

Alianguka tulipoingia mjini, watu wameshaanza kushangilia. Hakujikwaa, alilala tu, uso chini. Nilishuka garini nikasimama. Sikusogea. Aliyemfikia kwanza ni yule mzungu aliyeandaa mashindano, mtu ambaye tukimwona barabarani tulivuka upande wa pili. Alimchania shati, akambeba mwenyewe mpaka kivulini, akapiga kelele yaletwe maji. Wanawake wakamwaga ndoo zao, mtu akaleta barafu ya samaki, mzungu akawa anampepea kwa kofia yake na huku akiuliza kwa Kifaransa, "Nani anamfundisha kijana huyu? Amekunywa nini? Nani anamfundisha?" Alihitaji kujua ili amtibu. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na chupa tupu mkononi.

Nikanyamaza.

Hospitalini jioni watu walijaa uani, wakaniuliza imekuwaje, mtu mzima mwenye nguvu vile. Nikasema, "Kule Patsy niliona askari mmoja akimpa kikombe." Sikusema zaidi. Hakukuwa na askari wala kikombe. Kabla ya magharibi mji mzima ulikuwa unasema mamluki wamemtilia sumu bingwa wetu. Vijana watatu wakalipiga mawe gari la kikosi. Walikamatwa, wakapigwa. Mmoja wao, Musa, yule mshona kofia uliyemwona jana pale mjini, alirudi na mkono wa kushoto usiokunja vidole. Hukumuuliza umekuwaje, kwa adabu. Sasa unajua.

Bakari alilala hospitalini siku kumi na nane. Figo zilikuwa zimekaribia kusimama. Alitoka hai, alhamdulillahi, lakini jua la mchana lilikuwa limekwisha kwake, na magunia pia. Bandarini hawakumtaka tena. Akaoa huku Patsy, akafungua kibanda cha baiskeli. Mimi nikahamia Moroni nyumbani kwa mama yako, na kila nilikopita nilipewa kiti: ndugu wa yule aliyetiliwa sumu.

Ulipoanza kupenda mbio nilijiambia nimejirekebisha. Nilikuacha ulale, nilikuacha ule. Lakini kwenye ile barabara ya kutoka Moroni kwenda Ntsoudjini, mimi nyuma yako na baiskeli niliyoazima posta, maneno yaliyonitoka yalikuwa yaleyale. Sikukumbuka hata kwamba nilikwambia ile habari ya kisingizio. Na ulipochoka nilikutajia sumu ya ami yako, kwa sababu niliona inakusukuma. Nilikulisha uongo ili ukimbie vizuri.

Tangu asubuhi tumekaa hapa na Bakari, na ndiye anayenifundisha. Nakuandikia anavyosema, kwani yeye ndiye aliyefika pale ambapo sisi tunapasikia tu. Anasema uanze baharini polepole hata kama wote wanakupita, na utoe pumzi ndani ya maji, maana mtu hazidiwi kwa kukosa kuvuta hewa bali kwa kukosa kuitoa. Uinue kichwa mara moja moja kutazama unakokwenda. Kuwafuata waliotangulia si dawa, huenda na wao wamepotea. Kwenye baiskeli unywe kabla ya kiu, funda moja moja, maji yenye chembe ya chumvi na sukari, wala usiyabugie kwa pamoja yakakusumbua tumbo. Karibu na mwisho wa safari ya baiskeli ulegeze mguu, ukanyage kwa wepesi. Ukishuka, miguu itakuwa kama si yako, kama magogo uliyoazima. Hilo humpata kila mtu. Fupisha hatua, usiogope, itarudi.

Nilimuuliza, "Na hasira? Inasaidia?"

Akafikiri. "Inasaidia mpaka nusu ya mlima," akasema. "Baada ya hapo unabaki wewe na mwili wako, na kama hamjuani, mmekwisha."

Ukihisi baridi juani, simama. Ukianza kusahau uko wapi, simama kabla hujasahau kusimama. Ukiamka na homa, lala, hata kama umefanya mazoezi mwaka mzima na mji mzima unakungoja. Hao wauza mikate na makarani utakaoshindana nao wanarudi kazini Jumatatu. Wewe pia unatakiwa Jumatatu.

Naiacha kalamu hapa. Bakari amesimama mlangoni, amevaa kofia. Anasema adhana ya alasiri imekaribia na kuna jambo hatujalimaliza mjini.

*

Naendelea baada ya magharibi. Bado hujarudi kutoka Wani.

Tuliteremka Mutsamudu, tukaswali, kisha tukaenda bangwe, pale uwanjani wanapokaa wanaume baada ya sala. Walikuwepo watu kama ishirini. Wakanipa kiti kama kawaida yao. Sikukaa. Nikasema, "Nina neno." Wakadhani nataka kuwaomba dua ya safari yako, wakainua mikono.

Nikawaambia washushe mikono. Nikasema hakukuwa na sumu. Nikasema nilimlazimisha ndugu yangu kukimbia na homa, akaniomba maji nikamnyima, na nilipoulizwa hospitalini nikatunga askari na kikombe. Sauti yangu niliisikia kama inatoka nyumba ya pili. Kuna mzee mmoja alikuwa na tasbihi, akasahau kuivuta.

Kisha wote wakamgeukia Bakari. Mmoja akamuuliza, "Kweli haya?"

"Kweli," Bakari akasema.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza miaka kumi, sisi tukimlaani mtu aliyekuokoa?"

Hilo sikulitegemea. Mimi nilikuwa nimejiandaa kupigwa mimi. Bakari aliinamisha kichwa, akasema, "Ndiyo. Na mimi nina sehemu yangu." Ndipo nilipoelewa kwamba uongo wangu ulimfanya na yeye mwongo, mtu ambaye hajawahi kusema uongo maishani mwake.

Musa alikuwa amekaa kwenye ngazi, kofia aliyokuwa anaishona iko magotini. Aliinuka. Akanijia mpaka karibu kabisa. Nilidhani atanitemea mate, na ningeyapokea. Akauinua ule mkono wake wa kushoto, akauweka mbele ya macho yangu, vidole vimetanuka, akauacha hapo. Kisha akaushusha, akakusanya uzi wake na kofia yake, akaondoka. Baadhi wakamfuata. Waliobaki wakaanza kuzungumza juu ya bei ya samaki, bila kututazama, na hakuna aliyetuambia tukae.

Tumerudi Patsy. Njiani Bakari alinishika mkono tulipoanza kuupanda ule mteremko, akaniacha tulipofika juu. Sijui maana yake. Sijamuuliza. Simwambii mtu yeyote kwamba nimepata raha, maana sijaipata.

Nitakupa barua hii kesho, ukishapanda meli, si kabla. Najua wewe, ukiisoma leo utakwenda kumtafuta Musa umwombe radhi kwa niaba yangu, na hilo si lako. Lakini gatini utaona mambo, na hutaelewa mpaka uifungue. Utaona watu waliokuwa wakinipokea kwa mikono miwili wananipita bila salamu. Mmoja huenda akasema neno zito mbele yako. Utanikasirikia kwa kutowajibu, na damu itakupanda.

Usinipiganie, Faridi. Baki melini. Wana haki, na mimi nitakuwa nimesimama palepale mpaka meli iondoke.

Baba yako